Dawa Inayokaa Katika Mafuta

Mjini Kisangani, Wagenia hutega samaki penye maporomoko ya Mto Kongo. Husimamisha miti mirefu katikati ya mawe, kisha hufunga migono mikubwa penye mkondo mkali. Katika mto huo anaishi mbenga, samaki mwenye meno ya kutisha, ambaye chakula chake ni samaki wenzake.

Usubi nao hupenda maji yaendayo kasi, maana humo hutaga mayai. Ni mdudu mdogo kuliko inzi, lakini huuma watu na kuwaletea ugonjwa wa kupofusha macho. Mwaka 1948, huko Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, eropleni zilinyunyiza dawa ya DDT ili kuua usubi wa mto uo huo. Dawa ilikuwa kali, na usubi walikufa.

Lakini DDT ina tabia yake. Haichanganyiki na maji, hupenda mafuta. Ukila chumvi nyingi, hutoka mwilini pamoja na mkojo. DDT haitoki hivyo. Huingia katika mafuta ya mnyama na kukaa humo miaka.

Sasa fanya hesabu. Kila mdudu wa majini awe na chembe 1 ya dawa. Samaki mdogo akila wadudu 100, atakuwa na chembe 100. Mbenga akila samaki 50 wa namna hiyo, atabeba chembe ngapi? 5,000! Kwa kweli hazifiki zote, maana nyingine hupotea njiani, lakini njia ni hiyo. Ndiyo sababu maji huweza kuonekana safi kabisa, na huku samaki mkubwa amebeba sumu. Wala moto wa jikoni hauimalizi.

Na anayemla samaki huyo je? Ziwa Kariba liko kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko DDT ilitumika kuua mbung'o na mbu. Baadaye wataalamu walipima mayai ya tai wanaokula samaki, wakakuta maganda yamekuwa membamba. Yai la namna hiyo huvunjika upesi tai anapolilalia. Mwanadamu pia ana mafuta mwilini. Mama akinyonyesha, sehemu ya DDT aliyo nayo humwendea mtoto katika maziwa.

Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yalikataza DDT mashambani. Yaliiacha kwa kazi moja tu, kuua wadudu waletao magonjwa kama malaria. Nayo hunyunyizwa kutani, ndani ya nyumba, si mtoni.