Kambale Huyu si Ndugu wa Kambale Yule

Ita "Kambale!" katikati ya soko la Virunga mjini Goma, mashariki mwa Kongo, na zaidi ya mwanamume mmoja atageuka. Huenda hawana ukoo mmoja wala hawajawahi kuonana. Kinachowaunganisha ni zamu: kila mmoja ni mvulana wa pili kwao.

Ndivyo wanavyoitana Wanande, watu wa Beni, Butembo na Lubero, ambao wengi wao wameletwa Goma na biashara, masomo au vita. Kwa wavulana, wa kwanza ni Paluku, Mumbere au Nzanzu. Wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Kwa wasichana, Masika ndiye wa kwanza. Mvulana akizaliwa baada ya mfululizo wa wasichana, huitwa Muhindo.

Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja hutofautiana majina, na watu baki hufanana. Julien Paluku Kahongya aliongoza mkoa wa Kivu Kaskazini tangu 2007 hadi 2019, akapokewa na Carly Nzanzu Kasivita: magavana wawili wenye majina ya mvulana wa kwanza. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, kwa Wakonzo wa Uganda, Kambale ni Bwambale na Kasereka ni Masereka. Mfalme wao wa Rwenzururu, aliyetambuliwa na serikali mwaka 2009, ni Charles Mumbere.

Waisilandi wanaielewa hali hii. Kwao mtoto hubeba jina la baba: Leif Eriksson, baharia wa miaka elfu iliyopita, alikuwa mwana wa Erik, na Vigdís Finnbogadóttir, rais tangu 1980 hadi 1996, ni binti wa Finnbogi. Akina Jónsson wawili si lazima wawe ndugu, ndiyo maana kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza la mtu.

Goma, kinachomtofautisha Kambale na Kambale ni jina linalofuata, na baada yake lile la ubatizo, ambalo Rais Mobutu aliwahi kulipiga marufuku mwaka 1972. Mambo huwa magumu familia ikihamia Ulaya. Baba ni Paluku, watoto ni Kambale na Masika, na karani aliyezoea jina moja la ukoo huuliza kama kweli ni wake. Hapo kinachotolewa mkobani ni cheti cha kuzaliwa, chenye majina ya baba na mama.