MIPIRA YA MOTOKARI NA MGONGO WAKO



Shofere wa kamio kubwa ya mgodi hutikiswa tangu kuanza kazi mpaka kumaliza. Mtikiso ule hupita katika kiti na kufika kwenye kiuno. Ukiendelea miaka mingi, huleta maumivu ya mgongo. Jioni, shofere yule anapanda motokari yake mwenyewe kwenda nyumbani. Mgongo hautenganishi mtikiso wa kazini na ule wa njiani. Yote huingia katika hesabu moja. Kwa hiyo kuchagua mipira, ile tunayoita pine, ni shauri la afya.

Hewa ya ndani ya mpira ndiyo godoro la kwanza la motokari. Amortisere hufuata nyuma. Godoro likiwa jembamba, shimo la barabara linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiuno.

Soma maandiko ya ubavuni. Tuseme mpira wako ni 185/70 R14. Upana ni milimita 185. Hesabu 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana ule, karibu milimita 130. Hesabu 14 ni ukubwa wa janti, kwa inchi. Sasa kijana anatoa mipira ile, anaweka janti pana zenye kung'aa na mipira 205/50 R16. Gurudumu zima linabaki karibu kimo kile kile, lakini ubavu umeshuka mpaka karibu milimita 102. Motokari imependeza macho, godoro limepungua milimita 27. Katika barabara ya mashimo, janti itapinda au kupasuka upesi, na watoto waliokaa nyuma watarushwa juu.

Mashauri yetu ni haya:

1. Fuata kipimo cha kiwanda. Kama kiwanda kinakubali vipimo viwili, chukua kile chenye janti ndogo na ubavu mrefu.

2. Angalia nguvu ya kubeba. Hesabu 88, inayofuata kipimo, maana yake mpira mmoja hubeba kilo 560. Usishuke chini ya hesabu ya kiwanda. Kumbuka siku ya kubeba jamaa pamoja na magunia ya unga.

3. Angalia umri. Mwisho wa maandiko ya DOT utaona hesabu nne. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukilala dukani: unakuwa mgumu na kupasuka ngozi. Muuzaji anaweza kuupaka dawa nyeusi ung'ae, lakini tarehe inabaki pale. Viwanda vingi vinasema usipite miaka 10.

4. Pima hewa asubuhi, mpira ukiwa baridi, walau mara moja kwa mwezi. Kipimo kimeandikwa kwa kawaida karibu na mlango wa shofere. Hewa ikizidi, motokari inaruka na mpira unalika katikati. Usipunguze hewa chini ya kipimo ili upate ulaini. Mpira uliolegea hulika pembeni, hupata moto, na unaweza kupasuka katikati ya safari. Ulaini ule ni wa kudanganya.

5. Kama usukani unatetemeka ukienda mbio, peleka magurudumu kwa fundi ayasawazishe, na aangalie kama janti imepinda.

Mama wa nyumbani, wakati mume anahesabu makuta ya kununua janti za kung'aa, mwulize: mipira ina miaka mingapi? Ile ya akiba ina hewa?

Na wewe unayeamka kila siku na maumivu ya kiuno, au mguu unakufa ganzi, usingoje. Njoo kwenye dispensere. Mpira uliochakaa unabadilishwa kwa feza. Mgongo hauna wa akiba.