Ulimi Hauna Mizani: Ya Kweli na Yasiyo Kweli Kuhusu Maji ya Horohoro

Katika ua mmoja wa Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, unaweza kukuta maji ya asili nne: ndoo ya bombani, dumu la kisima cha pampu, pipa lililokinga mvua, na dumu jingine lililoletwa na bodaboda kutoka mahali asipopajua hata mwenye nyumba. Yote huishia kwenye mtungi mmoja. Ukiuliza yapi ni mazuri, kila mtu ana jibu, na karibu kila jibu limetoka kwenye ulimi au kwenye macho. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi, niyapime moja moja.

"Maji yakiwa maangavu ni salama."

Si kweli, na katika yote haya ndilo linaloniogopesha zaidi.

Chukua nitrati. Hutoka kwenye vyoo vya shimo, mazizi na mbolea, ikashuka na maji ya mvua hadi kwenye kisima. Haina rangi, haina harufu. Ukomo wake katika maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 kwa lita, na ukomo huo uliwekwa kwa ajili ya mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa. Ikizidi sana, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni inavyotakiwa, na midomo yake hugeuka buluu. Mama amechota maji meupe kama kioo, amekoroga maziwa ya kopo, amefanya kila kitu kwa upendo, na hakuna kilichomwonya.

Vijidudu navyo havionekani. Kipimo chake ni kikali kuliko vyote: katika mililita 100 za maji kisionekane hata kijidudu kimoja cha aina ya *E. koli*, kwa sababu kikionekana hicho, kinyesi kimefika. Kwa upande wa pili, watu huyakimbia maji ya mto yaliyobadilika rangi wakati wa masika, ilhali tope hutulizwa na kuchujwa. Maji ya Mto Zigi huteremka kutoka milima ya Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, na hutibiwa kwenye mtambo wa Mowe kabla ya kuingia kwenye mabomba ya Tanga.

"Chumvi ya kisima imetoka baharini."

Nusu kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowagharimu watu.

Pwani tukisema maji baridi tunamaanisha maji yasiyo na chumvi. Chini ya ardhi maji hayo huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, waligundua hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba pampu ikishusha maji ya kisima kwa mita moja tu na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, chumvi inaweza kupanda kwa makumi ya mita. Na bahari haihitaji kuingia kwa wingi. Mimina robo lita ya maji ya bahari kwenye ndoo ya lita 20 ya maji baridi: kloridi itakaribia miligramu 250 kwa lita, pale ambapo ulimi huanza kuitambua.

Lakini Horohoro haiko ufukweni. Vuka mpaka, pita Lunga Lunga, endelea hadi barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, utafika mahali panapoitwa Maji ya Chumvi. Wanajiolojia walipoyapa majina matabaka ya mawe ya huko, yaitwayo mawe ya Duruma, tabaka moja waliliita kwa jina hilo hilo, na hadi leo limo kwenye ramani zao kwa Kiswahili. Mawe hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 200, na ya jamii yake yanaendelea kusini hadi mkoa wa Tanga; mpaka wa Kenya na Tanzania haukuyakata. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya namna hiyo kinaweza kutoa maji ya chumvi bila tone la bahari kuingia.

Maabara huweza kuzitofautisha chumvi hizi. Katika maji ya bahari, uzito wa kloridi ni karibu mara 290 ya uzito wa bromidi. Uwiano ukiwa mbali sana na huo, kuna sababu ya kuuliza kuhusu mawe. Jirani wa kisima naye ana ushahidi wake: je, chumvi huongezeka pampu ikifanya kazi sana wakati wa kiangazi, au iko vile vile tangu siku kisima kilipochimbwa?

Tofauti hii ina uzito. Kama ni bahari, kisima kikipumzishwa au pampu ikivuta kidogo kidogo, kuna matumaini. Kama ni mawe, unaweza kukipumzisha mwaka mzima na chumvi ikabaki. Pesa ya kijiji iende kwenye bomba au kwenye kisima cha mahali pengine.

Liko jambo jingine la kusema hapa. Mtu anaweza kukiacha kisima kirefu chenye chumvi kidogo, akakimbilia kisima kifupi kitamu kilicho hatua chache kutoka chooni. Ulimi unamsifu kwa uamuzi huo. Nikilazimika kuchagua kati ya viwili hivyo bila kipimo chochote, mtoto wangu nitampa yale ya chumvi kidogo.

"Ukichemsha, kila kibaya kimetoka."

Si kweli. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa kazi hiyo ni njia bora: maji yakishatokota sawasawa, basi, huna haja ya kuendelea kumaliza mkaa. Chumvi, nitrati na floridi haziondoki na mvuke. Sufuria ya lita 5 ukiiacha hadi zikabaki lita 4, vitu hivyo vimeongezeka kwa robo katika kila lita. Yule mama wa maziwa ya kopo, akichemsha kwa muda mrefu zaidi ili awe na uhakika, nitrati anaizidisha.

"Ukoko mweupe wa birika huleta mawe ya figo."

Si kweli. Ukoko huo ni chokaa kutoka kwenye maji magumu, na kalisi na magnesi zilizomo mwili unazitaka. Hasara yake ni sabuni isiyotoa povu. Kwa mawe ya figo, mhofie zaidi mtu anayekunywa maji machache kwenye joto letu hili.

"Meno ya kahawia ni shida ya Arusha, si ya pwani."

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Meno hayo huletwa na floridi iliyozidi, na floridi nyingi ya Tanzania imo kwenye maji ya mikoa yenye asili ya volkano na Bonde la Ufa: Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na jirani zake. Hata hivyo ningependa kila msomaji ajue safari ya ukomo wake. Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilianza mwaka 1974 na ukomo wa muda wa miligramu 8, kwa kuwa vyanzo vingi mno vingekataliwa na watu wangebaki bila maji. Baadaye ukashushwa hadi 4 mwaka 2008, na 1.5 mwaka 2018. Meno na mifupa ya watoto haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni uwezo wa nchi kuyakataa maji mabaya. Kwa hiyo ukiona neno "yanakubalika" kwenye majibu ya zamani, tazama mwaka, kisha tazama namba yenyewe.

Kiwango cha maji ya kunywa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kimoja, EAS 12. Dumu linalovuka kati ya Lunga Lunga na Horohoro linapimwa kwa rula ile ile pande zote mbili.

"Dawa ya maji inaharibu uzazi."

Si kweli, na uvumi huu umewafikisha watu kwenye kipindupindu. Klorini imekuwa ikitiwa kwenye maji ya miji tangu mwanzoni mwa karne ya 20, vizazi na vizazi vimezaliwa kwa akina mama walioyanywa. Kinachotakiwa bombani ni angalau miligramu 0.2 ya klorini iliyobaki kwa lita. Ukomo wa juu wa Shirika la Afya Duniani ni 5. Pua ya mtu huisikia mapema kabla ya kufika huko. Kuipima ni rahisi: kidonge kimoja kwenye kichupa cha maji, na rangi ya waridi inayotokea unailinganisha na kadi.

Kuna ukweli mdogo ambao si haki kuuficha. Klorini ikikutana na mabaki ya majani yaliyooza huzaa kemikali ambazo kwa miaka mingi, zikizidi, si nzuri. Ndiyo sababu maji huchujwa kwanza, dawa ikafuata, na ndiyo sababu msitu wa Amani unaouhifadhi Mto Zigi ni sehemu ya mtambo wa maji. Lakini kuikataa dawa kwa hofu hiyo ni kumkimbia mbu ukamwangukia nyoka.

"Kisima chetu kilishapimwa."

Kweli kwa siku ile. Maji ya Aprili, mvua zikiwa zimeosha vyoo vyote vya mtaa, si maji ya Februari. Na maji ya pampu si maji ya mtungi: kata iliyowekwa chini, mkono wa mtoto, dumu lililowahi kubeba mafuta. Ukitaka kujua watu wanakunywa nini, chukua sampuli mbili, moja kwenye pampu na moja kwenye mtungi.

Chupa ya vipimo vya kemikali isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, kisha ijazwe hadi juu. Ya vijidudu isisuuzwe kabisa. Iwe imetakaswa na maabara, ijazwe bila kugusa mdomo wake, iwekwe kwenye barafu na ifike ndani ya saa sita. Lami kutoka Horohoro hadi Tanga ni takriban kilomita 65. Sampuli iliyoondoka saa mbili asubuhi ipo mezani kabla ya adhuhuri. Andika jina la kisima, tarehe na saa. Mpimaji akikwambia "yako sawa", mwombe karatasi yenye namba: nitrati, floridi, kloridi, *E. koli*. Kisha ibandike kwenye mlango wa kibanda cha pampu, mahali ambapo mchotaji ataisoma akisubiri ndoo yake ijae.