Injini Kuukuu Isitupwe

Wasomaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaujua vema mlio huu. Alfajiri, pale Mwanjelwa au kule Ipogolo, pikipiki hukohoa katika baridi, ikakohoa tena, kisha ikanyamaza. Kwa kijana wa bodaboda ukimya huo ni njaa. Hesabu ya mwenye chombo haingoji, wala mkataba hautaji habari ya ringi zilizolika.

Hivi karibuni tuliketi uani kwa kijana mmoja wa Mbeya ambaye injini yake ilikufa ikiwa imesalia miezi miwili tu chombo kiwe mali yake. Mwenye pikipiki alimwambia ama alete injini mpya, ama arudishe chombo na kuzisahau fedha alizokwisha kulipa. Kijana hakutenda lolote kati ya hayo. Aliishusha injini, akatandaza turubai safi, akamwita mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa reli. Baada ya siku nne injini ikanguruma. Twaona ni haki kueleza walivyofanya, kwa kuwa limo somo kwa wengi.

Injini ile ni ya ukoo wa Honda CG125, uliotolewa mwaka 1976 na baadaye kunakiliwa na viwanda vingi vya China. Wahandisi wa Japani waliibuni kwa ajili ya nchi ambako chombo hubebeshwa kupita kiasi na oili husahauliwa. Badala ya mnyororo wa kuzungusha kamshafti kichwani, walitia vijiti vya kusukuma valvu. Ina silinda moja, hupozwa kwa hewa, na kipenyo chake ni milimita 56.5. Mtu mwenye spana, bisibisi na subira aweza kuifungua nyumbani kwake.

Walakini mzee hakuanza kwa spana. Alianza kwa swali. Alitia kijiko cha oili katika tundu la plagi, akampa kijana kiki. Mgandamizo ulipanda mara moja. Maana yake ni kwamba oili iliziba mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda. Basi ugonjwa ulikuwa hapo. Kama mgandamizo usingepanda, lawama ingeziangukia valvu. Ni wangapi wetu tunanunua vipuri kabla ya kuuliza swali hilo?

Silinda ilipotolewa, ukuta wake ulikuwa na michirizi. Muuaji alikuwa vumbi, maana kijana aliondoa kichujio cha hewa ili chombo kipate mlio mkali. Silinda ikapelekwa kwa mwenye mashine, ikachongwa ili ipokee pistoni kubwa kidogo. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita. Nyumbani, valvu zilisagwa kwa dawa ya kusagia, kisha zikajaribiwa kwa kumimina petroli katika njia zake. Haikuvuja hata tone. Ringi zikapangwa ili mianya yake isifuatane katika mstari mmoja. Mwanya wa valvu ukapimwa injini ikiwa baridi. Kila kipande kilichofunguliwa kilipewa mahali pake juu ya turubai, na kijana akakiandika katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo ndipo palipozuka ubishi. Kijana alitaka afungiwe silinda na pistoni ya milimita 62, ili injini ifikie ujazo wa 150. Mzee alikataa. Alisema kuwa nguvu huzidisha joto na huzidisha mwendo, lakini breki zinabaki zile zile, na kadi ya chombo inasema 125. Anayeteremka Kitonga na abiria mgongoni hahitaji kufika upesi, anahitaji kusimama. Sisi tunamuunga mkono mzee. Kuchonga silinda kwa milimita moja nzima huongeza ujazo kutoka 124 hadi kama 128 tu. Hakuna muujiza hapo. Tena roho ya abiria si kitu cha kufanyia majaribio.

Je, hakuna maendeleo ya kuiongezea injini kuukuu? Yapo, nayo yako mikononi mwetu. Iringa imesimama zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kama mita 1,700. Katika kimo cha Mbeya hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya asilimia 15. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya Dar es Salaam humwaga huku petroli nyingi kuliko hewa. Plagi huwa nyeusi, fedha huteketea, na petroli huosha oili katika ukuta wa silinda. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Lakini anayeshuka kwenda pwani hana budi kurudisha jeti ya kwanza, maana petroli ikipungua kuliko hewa, pistoni huungua. Ongeza kichujio safi cha hewa, na oili inayobadilishwa kwa wakati. Mzee aliagiza kilomita 500 za kwanza ziende polepole, bila mzigo mzito, kisha oili imwagwe.

Ndugu zetu, jambo hili ni kubwa kuliko pikipiki moja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha neno kujitegemea. Mwaka 1973 likaundwa shirika la SIDO ili viwanda vidogo vipate kusimama. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwetu, na karakana yake ya Mbeya ikawa shule ya mafundi wengi. Je, elimu hiyo iende kaburini pamoja na wazee wetu? Kijana yule alikuwa na mikono na akili. Alichokosa ni maikromita na mashine ya kuchonga, ambayo ilimpasa kuingoja siku mbili nzima katika foleni.

Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana huomba pikipiki mpya. Twashauri kwamba kikundi kimoja katika kila wilaya kiombe mashine ya kuchonga silinda na vyombo vya kupimia. Matawi ya Chama yawatafute wazee wenye ujuzi, yawakutanishe na vijana. Nao wenye vyombo waandike katika mikataba yao nani atalipa injini ikichoka, ili mtu asipoteze jasho la mwaka mzima kwa sababu ya ringi.

Kijana wetu amerudi kijiweni. Miezi miwili ikiisha chombo kitakuwa chake, na sasa anakijua hadi tumboni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tuiname, ndugu zetu; spana zipo.