Tezi dume: Kipimo kinaanza na damu, lakini wanaume bado wanakimbia kidole

Kaa kwenye kijiwe cha kahawa, taja ugonjwa wowote, utapata wa kukushauri. Presha, sukari, vidonda vya tumbo, yote yanazungumzwa kwa sauti. Sasa taja kupima tezi dume. Hapohapo mazungumzo yanageuka utani. "Mimi hicho kidole sikitaki, bora nife na ugonjwa wangu," atasema mmoja, na kijiwe kizima kitacheka.

Utani huo una gharama yake. Nchini Tanzania na Kenya, wanaume wengi wanafika hospitali saratani ya tezi dume ikiwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia kwenye mifupa. Ikifika huko madaktari wanaweza kuituliza, hata kwa miaka kadhaa, lakini kuiondoa kabisa inakuwa vigumu mno.

Kinachouma zaidi ni kwamba wengi wao walikuwa wanakimbia kitu ambacho pengine wasingekutana nacho siku ya kwanza. Siku hizi hatua ya kwanza ya kupima ni damu, inayotolewa kwenye mshipa wa mkono.

Kila mwanaume anayo

Mitaani watu husema "yule mzee ana tezi dume" kana kwamba tezi yenyewe ndiyo ugonjwa. Sivyo. Kila mwanaume amezaliwa nayo. Ni kiungo kidogo, kwa kijana ukubwa wake haupiti ndimu ndogo, na kimekaa chini ya kibofu cha mkojo. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume.

Tezi hiyo inaweza kupata matatizo ya aina tatu. Inaweza kushambuliwa na vijidudu, ikaleta homa na maumivu. Inaweza kuvimba taratibu kwa sababu ya umri, jambo la kawaida sana kwa wanaume waliovuka miaka 50, na uvimbe huo si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Au inaweza kuota saratani. Mwanaume mmoja anaweza kuwa na uvimbe wa kawaida na saratani kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Wengine huchanganya hayo yote na ngiri au busha, ambayo ni magonjwa mengine kabisa.

Ule uvimbe wa kawaida ndio mara nyingi unaomsumbua mtu mapema: kuamka usiku mara tatu au nne kwenda kukojoa, mkojo kutoka kwa kusuasua, kuhisi kibofu hakijaisha. Saratani nayo mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija wa mkojo. Haibani kitu. Mtu anakojoa vizuri, anakula vizuri, anafanya kazi zake, na huku inakua.

Kwa hiyo anayesema "nitakwenda nikiona dalili" anasubiri kitu ambacho katika hatua za mwanzo huenda kisionekane kabisa. Dalili zinazojulikana zaidi, yaani maumivu ya mgongo na nyonga yasiyoisha, damu kwenye mkojo, kukonda bila sababu, mara nyingi huja saratani ikiwa imeshasambaa. Na mwenye saratani hii akianza kuishiwa nguvu miguuni ghafla, asingoje kesho. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na akichelewa anaweza kupooza.

Rais aliyesema hadharani

Mwezi Novemba 2014 Jakaya Kikwete, wakati huo akiwa Rais wa Tanzania, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Afya ya rais ni jambo ambalo serikali nyingi hulificha. Yeye aliwaambia wananchi kwamba ilikuwa saratani, na kwamba iligunduliwa ikiwa katika hatua za mwanzo. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado anaonekana kwenye shughuli za umma.

Hakuwa wa kwanza Afrika. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligundulika na saratani hii mwaka 1997, akaishi hadi Desemba 2021, akafariki akiwa na miaka 90. Nelson Mandela aliambiwa anayo mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, akaishi miaka mingine 12.

Kweli, hao ni watu wakubwa, na si kila mzee wa Tandahimba au Kitui anaweza kupelekwa Baltimore. Lakini kugundua mapema hakuhitaji ndege. Damu inatolewa hapahapa.

Damu inasema nini

Kipimo kinaitwa PSA. Hiyo ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo chake huvuja kwenye damu. Tezi ikiwa na shida, kiasi hicho huweza kupanda. Kwa miaka mingi madaktari wametumia namba 4 kama mpaka wa tahadhari, ingawa kwa mwanaume mwenye miaka 40 na kitu hata namba ya chini ya hapo inaweza kumfanya daktari aangalie zaidi.

Namba ikipanda si lazima iwe saratani. Uvimbe wa kawaida unaipandisha, na maambukizi kwenye mkojo yanaweza kuipandisha sana. Kumwaga mbegu au kuendesha baiskeli mwendo mrefu ndani ya siku mbili kabla ya kipimo navyo vinaweza kuisogeza. Kati ya wanaume ambao namba yao iko kati ya 4 na 10, takribani mmoja kwa wanne ndiye hukutwa na saratani akichunguzwa zaidi. Watatu wanarudi nyumbani na jambo jingine la kutibu, au bila la kutibu kabisa.

Kinyume chake nako kupo. Dawa aina ya finasteride, ambayo baadhi ya wanaume hupewa kwa uvimbe wa tezi na wengine huimeza kuzuia upara, huweza kuishusha PSA hadi nusu. Anayeitumia asipomwambia daktari, namba itamdanganya daktari na yeye mwenyewe.

Ndiyo maana daktari makini hamkimbizi mtu chumba cha upasuaji kwa karatasi moja. Hupima mkojo, hutibu maambukizi kama yapo, hurudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Namba ikibaki juu ndipo hufuata picha, na mwisho kuchukuliwa vinyama vidogo kwenye tezi kwa sindano ili vikaangaliwe kwa darubini. Hakuna anayeweza kuambiwa kwa uhakika kuwa ana saratani kwa PSA peke yake.

Jambo moja dogo la mtaani. Baadhi ya maabara ndogo hutumia kipimo cha haraka, cha mistari kama kile cha ujauzito. Hicho husema "ipo juu" au "ipo chini" tu. Kwa mtu anayetaka kufuatilia afya yake mwaka hadi mwaka, namba kamili ina faida zaidi, kwa sababu kasi ya kupanda nayo ni habari.

Na kidole je?

Kipo, hakuna haja ya kudanganyana. Kwa kuwa tezi iko jirani na njia ya haja kubwa, daktari anaweza kuigusa kwa kidole chenye glovu na jeli, akahisi kama ni laini au ina uvimbe mgumu. Huchukua chini ya dakika moja. Hakifurahishi, lakini kwa kawaida hakiumizi kama watu wanavyosimuliana.

Ila hicho si mlango wa kuingilia tena. Kwa mtu asiye na dalili, wataalamu wengi sasa huanza na damu, kwa sababu kidole peke yake hukosa saratani nyingi ambazo bado ni ndogo. Utafiti mkubwa uliofanywa Ujerumani kwa wanaume wa miaka 45 ulionyesha hivyo. Daktari akikihitaji, kwa mfano PSA ikiwa juu au mtu akiwa na shida ya kukojoa, ataeleza na kuomba ruhusa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa nini, na ana haki ya kusema hapana leo.

Kwa maneno mengine, mzee anayekataa kwenda kwa sababu ya kidole anakataa sindano ya damu.

Hofu iliyojificha nyuma ya utani

Chini ya vicheko vya kijiweni kuna hofu nyingine, ya kupoteza nguvu za kiume. Hofu hii si ya kijinga. Upasuaji na mionzi vinaweza kuathiri uwezo wa tendo la ndoa, na upasuaji unaweza kumwacha mtu akivuja mkojo, kwa muda au moja kwa moja. Daktari asiyesema hayo mapema hamtendei mgonjwa wake haki.

Lakini si kila saratani ya tezi dume inahitaji kisu. Nyingi hukua polepole. Nchini Uingereza, wanaume zaidi ya 1,600 waliogundulika mapema kupitia PSA waligawanywa makundi matatu: wa upasuaji, wa mionzi, na wa kufuatiliwa kwa karibu kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Katika kila kundi, takribani 97 kwa kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo. Aliyegunduliwa mapema, basi, anaweza kupewa nafasi ya kufuatiliwa tu, akabaki na mwili wake kama ulivyo.

Aliyechelewa hana nafasi hiyo. Saratani ikishasambaa, tiba kuu ni kuizima homoni ya kiume, kwa sababu ndiyo inayoilisha. Sindano za kuizima hurudiwa kila baada ya miezi na ni ghali, hivyo katika hospitali nyingi za Afrika mgonjwa asiyemudu hushauriwa njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni kuondolewa korodani. Mwanaume aliyekwepa kipimo ili alinde uanaume wake anajikuta anasaini karatasi hiyo.

Aanze lini, na nani awahi zaidi

Kwa wanaume wengi, miaka 50 ndiyo inayotajwa. Kwa wenye asili ya Afrika ushauri ni kuanza mapema, miaka 45, kwa kuwa wako kwenye hatari kubwa zaidi. Takwimu za Uingereza zinaonyesha mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne atagundulika na saratani hii maishani mwake, wakati kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Mwenye baba au kaka aliyeugua asisubiri hata hapo. Azungumze na daktari akifika 40. Na watu husahau upande wa mama: saratani ya matiti au ya ovari kwa mama au dada inaweza kuashiria kasoro ya kurithi ambayo humwongezea hata mwanaume hatari.

Ndiyo sababu mzee anayeficha ugonjwa wake anawaficha pia wanawe habari wanayoihitaji.

Je, kupima kunaokoa kweli? Utafiti wa Ulaya uliohusisha wanaume zaidi ya 160,000 na kuwafuatilia kwa miaka 23 ulikuta vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa walioitwa kupimwa. Ulionyesha pia kwamba wapo waliogunduliwa saratani ambayo isingewahi kuwadhuru. Kwa hiyo ni uamuzi wa kuzungumza na daktari. Mzee wa miaka 80 mwenye maradhi mengine huenda asinufaike na kipimo. Mwenye miaka 50 na familia inayomtegemea ana sababu zote.

Kuna mabango kwenye nguzo za umeme, "dawa ya tezi dume, siku saba". Hakuna dawa ya mtaani iliyothibitishwa kuiondoa saratani hii. Shida ya kukojoa ya uvimbe wa kawaida hupanda na kushuka yenyewe, hivyo mtu hunywa chupa mbili, hupata nafuu, huamini amepona. Miezi inapita.

Siku ya kwenda

Hospitali za rufaa kama Muhimbili, Bugando na KCMC kwa Tanzania, au Kenyatta na Moi kwa Kenya, zina wataalamu wa mfumo wa mkojo. Lakini damu ya PSA inatolewa hata kwenye hospitali nyingi za mikoa, kaunti na binafsi. Bei hutofautiana, hivyo ni vizuri kuuliza kwanza, pamoja na kuuliza kama bima inalipa. Kwenye maonyesho kama Sabasaba, hospitali nazo huweka mabanda ya upimaji.

Siku mbili kabla, mtu apumzike tendo la ndoa na baiskeli. Hahitaji kushinda njaa. Kama ana dalili za UTI aseme kabla ya kutolewa damu, na dawa anazotumia azitaje zote, hata zile za miti shamba na za upara. Baada ya majibu aombe namba yenyewe iandikwe, pamoja na tarehe, na karatasi hiyo aihifadhi pale anapoweka kadi ya mpiga kura na hati ya kiwanja, maana mwaka kesho au keshokutwa daktari ataiulizia.