Kuongeza uwezo wa programu bila neno la siri la msimamizi

WATUMIAJI wengi wa kompyuta za ofisini na vyuoni hukwama pale wanapotaka kuiongezea programu uwezo mpya, kwani kompyuta huwadai neno la siri ambalo analo msimamizi peke yake.

Kwa programu nyingi, hata hivyo, neno hilo halihitajiki. Nyongeza ndogo, zinazojulikana kama programu-jalizi, zinaweza kuwekwa ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, yaani sehemu ya diski ambamo huhifadhi nyaraka, picha na mipangilio yake.

Mfano mzuri ni GIMP, programu huria ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis. Kila inapofunguliwa, programu hii hukagua sehemu mbili: folda ya mfumo, ambayo ni ya watumiaji wote, na folda ya mtumiaji aliyeingia wakati huo.

Katika kompyuta zinazotumia Linux, folda ya toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, kwa kawaida huwa .config/GIMP/3.0/plug-ins. Nukta iliyo mwanzoni huifanya folda isionekane. Katika mifumo mingi, kubonyeza Ctrl na H kwa pamoja huifichua. Katika Windows, folda hiyo imo ndani ya AppData\Roaming\GIMP.

Asiye na hakika asibahatishe. Afungue menyu ya Edit, kisha Preferences, halafu Folders na Plug-Ins, naye ataonyeshwa njia kamili.

Hatua zenyewe ni chache. Kwanza, hakikisha nyongeza imetengenezwa kwa toleo ulilo nalo, kwa sababu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 2.10 hazifanyi kazi katika 3.0. Pili, iweke ndani ya folda yake yenye jina lile lile la faili kuu. Tatu, kwa Linux, bofya faili hilo kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake na uruhusu litekelezwe kama programu. Mwisho, funga GIMP na uifungue upya.

Wengi hukwama katika hatua ya pili na ya tatu. Zikirukwa, nyongeza haitaonekana kwenye menyu.

Utaratibu kama huu unatumika pia katika Inkscape, programu ya kuchora, ambayo kwa Linux husoma nyongeza kutoka .config/inkscape/extensions.

Faida yake ni kwamba kosa la mtu mmoja haliwasumbui wenzake. Nyongeza ikileta matatizo, mwenyewe huifuta tu folda yake. Vilevile, anayenakili folda yake yote kwenda kompyuta mpya huhama na nyongeza zake, ingawa huenda akalazimika kutoa upya ruhusa ya kutekelezwa.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Kutodaiwa neno la siri si uthibitisho kwamba nyongeza ni salama. Programu-jalizi hufanya kazi kwa mamlaka yale yale aliyo nayo mtumiaji. Haiwezi kuvuruga mfumo endeshi kirahisi, lakini inaweza kusoma nyaraka zake, kufuta picha zake au kuzituma nje kupitia intaneti.

Kwa maneno mengine, kinga iliyopo huulinda mfumo, ambao unaweza kusakinishwa upya kwa muda mfupi, na kuziacha wazi kazi za miaka mingi ambazo hazina nakala.

Hatari huongezeka katika ofisi ambamo wafanyakazi wote huingia kwa akaunti moja. Hapo folda ya mmoja ni ya wote, na nyongeza ya mmoja huweza kufikia nyaraka za kila mtu.

Ni vyema, basi, kila mtumiaji awe na akaunti yake, apakue nyongeza kutoka kwa watengenezaji wanaofahamika, na ahifadhi nakala ya kazi zake mahali pengine kabla ya kuzijaribu.