Muda wa kuanza hesabu ndefu za kompyuta

Muda wa kuanza hesabu ndefu za kompyuta ni suala linalotokana na kasi ya kompyuta kuongezeka mwaka hadi mwaka. Hesabu inayohitaji miaka mingi inaweza kumalizika mapema zaidi ikiwa mtafiti atasubiri mashine mpya, ndipo aanze.

Mwaka 1999 wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walilichambua jambo hilo katika makala yenye utani ndani yake. Walichukulia kwamba kasi huongezeka maradufu kila baada ya miezi 18. Kwa kanuni hiyo, kazi isiyozidi miezi 26 inafaa kuanza leo. Iliyo ndefu zaidi inafaa kusubiri mpaka ipatikane mashine ya kuimaliza kwa miezi 26. Kazi ya miezi 52, kwa mfano, ikisubiri miezi 18 itakwisha baada ya miezi 44 kwa jumla.

Utafiti wa malaria unaonyesha udhaifu wa kusubiri. Katika kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara kwenye bonde la Kilombero, watafiti walikuwa wamepima jinsi mbu wenye vimelea wanavyouma watu katika majira mbalimbali ya mwaka. Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, ambayo ndiyo iliyoanzisha kituo cha utafiti cha Ifakara katika miaka ya 1950, ilitumia vipimo hivyo kuunda modeli ya kompyuta. Modeli hiyo hufuatilia maambukizi ya mtu mmoja mmoja katika jamii nzima, ili kukadiria chanjo ingepunguza ugonjwa kiasi gani. Inabidi irudiwe mara nyingi mno.

Majaribio ya kwanza ya mradi wa malariacontrol.net, uliozinduliwa rasmi mwaka 2006, yalifanya kazi sawa na miaka 150 ya kompyuta moja. Kwa kanuni ya miezi 26, mtafiti angesubiri miaka 9 na ushei, kisha angekokotoa: jumla zaidi ya miaka 11. Lakini kila mzunguko wa modeli hujitegemea, hivyo kazi iligawanywa kwa kompyuta takriban 500 za watu waliojitolea, ikakamilika kwa miezi michache.

Tena kusubiri kungechukua muda mrefu zaidi ya hapo, kwa kuwa tangu miaka hiyohiyo kasi ya kichakato kimoja imeacha kuongezeka maradufu kama zamani. Kompyuta mpya hupewa vichakato vingi, na hivyo huhitaji kazi inayogawanyika.